Kabla Hujaingia Gofu ya Kulipwa

Makedi wanauliza. Wazazi wenye watoto wanaocheza vizuri wanauliza. Siku hizi hata waajiriwa wenye mshahara wa kueleweka, wanaocheza kila Jumamosi na kurudi nyumbani na vikombe, wanauliza: nifanye nini ili niwe mcheza gofu wa kulipwa?

Wengi hutaka jibu fupi, na mara nyingi wanatarajia kuambiwa wabadili namna ya kupiga mpira. Mkwaju ni sehemu moja tu. Wanaorudi nyumbani mapema kutoka gofu ya kulipwa mara nyingi hushindwa na hesabu: hesabu ya mikwaju ambayo hawakuiweka vizuri, na hesabu ya fedha ambayo hawakuiweka kabisa. Makala haya ni ya kukusaidia kuziweka zote mbili kabla hujasaini fomu yoyote.

## Kwanza, jua unaingia kazi ipi

Chini ya jina "pro" kuna kazi mbili tofauti, na vijana wengi huzichanganya.

- Mshindani. Huishi kwa zawadi za mashindano na fedha za wadhamini. Asipopita mchujo wa raundi mbili za kwanza, mara nyingi huondoka bila senti, ingawa hoteli na kedi wake wanataka kulipwa vilevile.
- Mwalimu wa klabu. Hufundisha wanachama na watoto, hutengeneza fimbo, husimamia duka na kusaidia kuandaa mashindano. Pato lake halimfikishi kwenye televisheni, lakini huja kila mwezi.

Kihistoria, kazi ya pili ndiyo mama. Chama cha PGA cha Uingereza kilipoundwa mwaka 1901, wanachama wake walikuwa watu walioajiriwa na klabu. PGA ya Marekani ilianza mwaka 1916, na washindani wakajitenga nayo mwaka 1968. Huko ndiko ilikotoka PGA Tour unayoiona kwenye runinga. Mpaka leo wanachama wa PGA ya Marekani ni maelfu kwa maelfu, ilhali wanaocheza PGA Tour ni mia chache tu.

Kwetu Afrika Mashariki wengi hufanya kazi zote mbili: wiki hii mashindano, wiki ijayo wanafunzi. Usiuone mpango huo kama wa kushindwa. Mtu mwenye wanafunzi wanane wa kudumu anaweza kukosa mchujo mara tatu mfululizo na bado akalipa kodi ya nyumba.

## Je, kiwango chako kinatosha?

"Lakini mimi nashinda karibu kila mashindano pale klabuni." Hongera, ila swali halijajibiwa. Handikapu yako inaweza kukudanganya, na si kwa sababu umeiba. Chini ya mfumo wa dunia ulioanza mwaka 2020, handikapu hukokotolewa kwa wastani wa raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho. Zile 12 mbaya hazihesabiwi. Katika mashindano ya kulipwa hakuna raundi inayowekwa kando: ya Alhamisi yenye upepo na ya Ijumaa uliyoamka na mafua zote zinaingia.

Kwa hiyo jipime hivi:

1. Chukua raundi 20 za mwisho, zote. Tafuta wastani wa mikwaju bila kutoa handikapu. Ikiwa uwanja wako umekadiriwa mikwaju 72 na wastani wako ni 75, bado hujafika, hata kama umewahi kupiga 67.
2. Angalia raundi mbaya kuliko zote. Mshindani hutambulika kwa siku yake mbaya. Akiharibu hupiga 74 au 75. Ukiharibu wewe ukapiga 82, hiyo ndiyo kazi ya miezi ijayo.
3. Hesabu raundi za ugenini peke yake. Nyumbani unajua kila mteremko wa grini. Angalau nusu ya raundi unazojipimia ziwe kwenye viwanja usivyovizoea.
4. Cheza kutoka nyuma kabisa. Mashindano ya kulipwa ya wanaume huanzia kwenye alama za mbali. Wengi hujisifu kwa alama walizopata wakianzia mbele.
5. Cheza kwa sheria kamili. Hakuna mpira wa kusamehewa kwa kuwa "uko karibu", hakuna kurudia mkwaju wa kwanza, hakuna kusogeza mpira kwenye nyasi nzuri.

Ukifanya zoezi hili kwa ukweli na wastani ukabaki kwenye kiwango cha uwanja au chini yake, endelea kusoma kwa makini. Ukiwa mikwaju mitatu juu, soma vilevile, lakini bakia kwenye ridhaa kwa sasa.

### Tahadhari ya mwinuko

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mpira husafiri mbali zaidi, takriban asilimia 6. Fimbo inayopeleka mpira mita 160 Muthaiga au Karen itaupeleka kama mita 150 Nyali au Dar es Salaam. Hiyo ni tofauti ya fimbo moja nzima. Mchezaji wa Nairobi anayeshuka pwani bila kuandika upya vipimo vyake atatumia siku mbili kupiga mipira mifupi inayoangukia kwenye banka za mbele, na mchezaji wa Mombasa anayepanda Nairobi atairusha mipira nyuma ya grini.

Ongeza upepo. Huwezi kucheza Vipingo wakati wa kusi kama unavyocheza msimu wa utulivu. Nyasi nazo hutofautiana: kikuyu ya nyanda za juu hung'ang'ania fimbo na kuupindua uso wake mpira ukiwa umezama, hivyo anayeijua huchukua fimbo yenye mlalo mkubwa na kukubali kurudi uwandani badala ya kulazimisha kufika grini.

Weka daftari dogo lenye safu mbili, bara na pwani, na umbali wa kila fimbo katika kila safu. Ni kazi ya asubuhi mbili, na itakuokoa miaka.

## Usiharakishe kuacha ridhaa

Hapa ndipo maswali mengi hujaa, kwa sababu watu wanaogopa makosa ambayo hayapo na kuyafanya yaliyopo. Sheria za hadhi ya ridhaa, zinazosimamiwa na R&A ya St Andrews kwa sehemu kubwa ya dunia, zililegezwa kuanzia Januari 2022.

Mambo unayoruhusiwa ukiwa mchezaji wa ridhaa:

- Kupokea udhamini wa fedha, vifaa na nauli, na hata kutangaza biashara ya mdhamini.
- Kupokea zawadi ya hadi pauni 700, au dola 1,000, kwa shindano. Zawadi ya fedha taslimu inaruhusiwa pale tu shindano linapochezwa bila handikapu.
- Kupokea zawadi ya kuingiza mpira kwa mkwaju mmoja katika raundi, hata ikiwa ni gari, mradi shimo liwe na urefu usiopungua yadi 50. Yule jirani aliyekataa gari kwa kuogopa kupoteza ridhaa aliogopa bure.

Mambo yanayokutoa kwenye ridhaa:

- Kupokea zawadi inayozidi kiwango.
- Kucheza shindano ukiwa umejiandikisha kama mchezaji wa kulipwa.
- Kulipwa kwa kufundisha gofu, isipokuwa kwenye mipango michache inayokubaliwa na sheria, kama ile iliyoidhinishwa mapema na chama cha taifa.
- Kuajiriwa kama pro wa klabu, au kuwa mwanachama wa chama cha wachezaji wa kulipwa.

Angalia jambo la tatu. Kedi anayemfundisha mwanachama Jumapili jioni na kupewa "ya chai" anaweza kuwa amevuka mstari bila kujua. Ukipanga kubaki ridhaa kwa mwaka mmoja au miwili, zungumza na chama chako cha taifa kabla ya kupokea chochote kwa ajili ya mafunzo.

"Nikikosea, naweza kurudi?" Unaweza kuomba kurejeshwa, na chama cha taifa ndicho kinachoamua. Usitegemee hilo. Ridhaa ni shule ya bei nafuu: inakupa mashindano ya taifa, timu ya taifa na safari zinazolipiwa na wengine. Wachezaji wengi waliofika mbali duniani walikaa huko mpaka hakukuwa na wa kuwafunza zaidi.

## Daftari la fedha

Akiba haiozi, na katika kazi hii akiba ndiyo inayokupa muda wa kucheza vibaya bila kufa njaa. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, kwa shilingi za Kenya. Ziondoe uweke zako.

Gharama za wiki moja ya mashindano:

- Nauli kwenda na kurudi: 15,000
- Malazi, siku 6 kwa 4,000: 24,000
- Chakula, siku 6 kwa 1,500: 9,000
- Kedi: 12,000
- Kiingilio: 10,000
- Jumla: 70,000

Mashindano 10 kwa mwaka ni 700,000. Weka 480,000 za kuishi nyumbani, yaani 40,000 kwa mwezi. Weka 120,000 za mipira, glovu, viatu na ukarabati wa fimbo, na 60,000 za mwalimu. Umefika 1,360,000. Ili usiingie deni lazima uingize wastani wa 136,000 kwa kila shindano, ukijumlisha yale utakayoondoka mikono mitupu.

Sasa fungua matokeo ya mashindano ya mwaka jana unayotaka kucheza. Angalia mtu aliyemaliza nafasi ya 15 alipewa kiasi gani. Usiangalie mshindi. Jiulize: mwaka wangu wa kwanza, nikimaliza mara nyingi karibu na huyo wa 15, hesabu inafungwa? Mara nyingi haifungwi, na pengo hilo ndilo linalojazwa na ualimu, mdhamini au akiba.

Kuna wanaojibu kwa kutaja Kenya Open. Ni kweli fedha zipo: mwaka 2025 mfuko wa zawadi ulikuwa dola milioni 2.5, na mshindi alichukua dola 425,000, yaani asilimia 17. Lakini shindano hilo lilianza mwaka 1967, na mpaka mwaka huo wa 2025 hakuna Mkenya aliyelishinda. Miongoni mwa walioshinda ni Seve Ballesteros mwaka 1978 na Ian Woosnam mwaka 1986, watu waliokuja kuwa mabingwa wa dunia. Lipange kama zawadi ya ziada, usiliingize kwenye bajeti ya chakula.

Sheria tatu za fedha:

1. Usianze bila gharama za miezi 12 mkononi au kwenye ahadi ya maandishi.
2. Tenga kodi siku ile ile unayopokea zawadi. Nchi nyingi hukata kodi ya zawadi kabla hujalipwa, na baadhi ya mamlaka zitakutaka uonyeshe pato lako nyumbani pia. Tunza kila karatasi ya makato.
3. Kubaliana na kedi wako kabla ya shimo la kwanza: malipo ya wiki ni kiasi gani, na akishiriki kwenye zawadi ni asilimia ngapi. Urafiki mwingi umevunjikia kwenye maegesho ya magari siku ya Jumapili.

## Njia ya kupanda, ngazi kwa ngazi

1. Chama chako cha kitaifa cha wachezaji wa kulipwa. Kenya kuna PGK; Tanzania na Uganda nazo zina vyama vyao. Uliza masharti ya kuingia kwa maandishi. Vingi huendesha mtihani wa uchezaji, na baadhi hutaka pia ujuzi wa sheria na ufundishaji.
2. Mashindano ya nyumbani na ya kanda. Safari Tour ya Kenya imewapa wachezaji wa ukanda huu nafasi ya kujipima na kupigania tiketi za Kenya Open. Sunshine Tour ya Afrika Kusini nayo imeleta huku mashindano yake ya ngazi ya maendeleo. Ratiba na masharti hubadilika kila msimu, hivyo soma tangazo la mwaka huu, usitegemee simulizi za mwaka juzi.
3. Mtihani wa kuingia Sunshine Tour. Afrika Kusini ndiko kwenye mashindano mengi na ushindani wa kila wiki barani mwetu. Anayetaka kukua haraka aende huko akiwa na fedha za msimu mzima. Nauli na kiingilio havitoshi.
4. Mtihani wa DP World Tour, ligi ya Ulaya. Una hatua tatu, na ya mwisho huchezwa Hispania kwa raundi sita, mashimo 108. Wanaopata kadi kamili ni kama 20 tu. Kenya Open imo kwenye ratiba ya ligi hiyo tangu mwaka 2019, kwa hiyo ukiicheza unakutana na wale wale waliopita kwenye tundu hilo la sindano.

Kosa la kawaida ni kuruka ngazi. Kijana hushinda mara mbili nyumbani, akachangiwa fedha, akaenda Ulaya kufanya mtihani bila kuwa amecheza hata msimu mmoja wa kanda. Kanuni rahisi: usipande ngazi kabla hujawa miongoni mwa watano bora kwenye ngazi uliyopo.

"Umri wangu umepita?" Inategemea unataka nini. Kwa PGA Tour, mwenye miaka 35 anayeanza leo amechelewa. Kwa mashindano ya kanda na ualimu, hajachelewa. Dismas Indiza wa Mumias ameendelea kuwasumbua vijana wa umri wa wanawe kwenye mashindano ya Kenya.

## Wiki ya mazoezi inayolipa

Mapenzi ya wengi yako kwenye driva. Fedha ziko ndani ya mita 100. Gawa wiki yako hivi:

- Nusu ya muda: mikwaju mifupi na kusukuma mpira grini.
- Robo: fimbo za kati, ukilenga shabaha na kuandika umeangukia wapi.
- Robo iliyobaki: driva, raundi za majaribio na mazoezi ya mwili.

Kwa kusukuma mpira, fanya hivi. Weka mipira 10 kuzunguka shimo, umbali wa mita moja. Sukuma yote. Ukikosa hata mmoja, anza upya. Usiondoke mpaka yote kumi iingie mfululizo. Mara ya kwanza mikono itatulia hadi mpira wa saba. Wa nane utaanza kutafuta sababu ya kukosa, wa tisa utasikia jasho kiganjani, na wa kumi utakuwa umefika mbali kuliko mwendo wa mita moja. Hali hiyo ndiyo utakayokutana nayo shimo la 18 siku ya Ijumaa, ukihitaji mpira mmoja kupita mchujo.

Kisha rudi nyuma hadi mita 2.4 hivi, na usijichukie. Kutoka umbali huo hata wachezaji wa PGA Tour hukosa karibu nusu. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba ukikosa, mpira unaofuata ni wa kusogeza tu.

Makosa ya mazoezi:

- Kupiga mipira 300 mahali pamoja kwa fimbo moja. Uwanjani hutapewa mkwaju wa pili unaofanana na wa kwanza.
- Kubadili namna ya kupiga wiki ya mashindano kwa sababu ya video uliyotumiwa.
- Kununua fimbo mpya za bei kubwa badala ya kumlipa mtu akupimie zile ulizonazo.
- Kuacha mazoezi ya mwili. Raundi nne za kutembea, jua la pwani au baridi ya Nyandarua, zinataka miguu.

## Siku ya mashindano: makosa yasiyohusu ufundi

Mikwaju ya bei ghali kuliko yote ni ile ambayo hukuipiga.

- Hesabu fimbo. Zisizidi 14. Ian Woosnam, yule yule wa Kenya Open, alikuwa akigombea uongozi siku ya mwisho ya mashindano ya The Open mwaka 2001 pale Royal Lytham, alipogundua kwenye shimo la pili kwamba mfuko una fimbo 15. Akaongezewa mikwaju miwili. Hesabu mwenyewe, kisha kedi ahesabu tena.
- Soma kadi kabla ya kusaini. Mwaka 1968, Roberto De Vicenzo alisaini kadi ya Masters yenye 4 kwenye shimo la 17, ingawa alipata 3. Alama kubwa iliyosainiwa hubaki, na akakosa nafasi ya kucheza raundi ya kuamua bingwa. Ukisaini shimo kwa alama ndogo kuliko uliyopata, unaondolewa kabisa. Kaa chini, linganisha shimo kwa shimo, uliza.
- Mpira uliopotea una dakika 3 tu. Piga mpira wa akiba kabla ya kwenda kutafuta, na utamke wazi kwamba ni wa akiba.
- Muite mwamuzi. Usikubali ushauri wa sheria kutoka kwa mchezaji mwenzako anayetaka kusonga mbele haraka. Haraka ni yake, adhabu ni yako.
- Dawa. Kabla ya kumeza dawa ya mafua au ya mgongo, muulize daktari au chama chako kama imo kwenye orodha iliyopigwa marufuku. Gofu imo kwenye Olimpiki tena tangu mwaka 2016, na upimaji upo.

## Kwa makedi

Mna faida ambayo fedha hazinunui: mmesoma grini kwa miaka, mmeona makosa ya watu wengi, na mnajua kunyamaza mchezaji akiudhika. Seve Ballesteros alianza kwa kubeba mifuko Pedreña, Hispania, na Ben Hogan pamoja na Byron Nelson walikuwa makedi wa klabu moja Texas.

Lakini faida hiyo ina mashimo. Yazibeni haya:

- Omba siku ya kucheza kwa utaratibu. Klabu nyingi huwapa makedi siku moja kwa wiki. Pata ruhusa kwa maandishi, usitegemee huruma ya msimamizi.
- Jisajili upate handikapu rasmi. Bila hiyo, alama zako nzuri zinabaki hadithi za kijiweni.
- Usicheze kwa dau la fedha zako za chakula. Hayo si mazoezi ya ushindani. Ni njia ya kudaiwa.
- Jifunze kuandika barua pepe na kujibu kwa wakati. Nafasi nyingi hupotea kwa fomu iliyochelewa.
- Shikilia kazi ya pili mpaka zawadi zilipe miezi sita mfululizo.

Na tahadhari moja kuhusu sifa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwanachama anayekuambia "wewe ni pro tayari" hatakulipia hoteli ukienda kucheza Kitante, Kampala. Muulize badala yake kama yuko tayari kukudhamini kwa mashindano matatu.

## Kwa wazazi

- Mtoto wa chini ya miaka 12 acheze pia mpira, aogelee, akimbie. Mgongo mmoja unaogeuka upande mmoja tu miaka 10 huumia mapema.
- Shule kwanza. Vyuo vya Marekani hutoa ufadhili kwa wanagofu wenye alama nzuri darasani na uwanjani, na huko mtoto hupata miaka minne ya mashindano akiwa bado ridhaa.
- Wasichana wana mlango ambao wazazi wengi hawauoni. Waombaji wa ufadhili ni wachache kuliko wavulana, na mwaka 2019 Ladies European Tour ilifika Vipingo kwa mara ya kwanza, ambako Esther Henseleit wa Ujerumani alishinda. Binti aliyeshuhudia hayo amejua kazi hii ipo.
- Usimfuate mtoto shimo kwa shimo ukimwelekeza. Subiri klabuni ukiwa na maji.

## Namna ya kumwomba mdhamini

Barua nyingi hutupwa kwa sababu zinaomba msaada badala ya kutoa biashara. Andika ukurasa mmoja wenye mambo haya:

1. Wewe ni nani na umepata nini, kwa tarehe na alama.
2. Ratiba yako ya mwaka, mashindano kwa mashindano.
3. Bajeti halisi, kama ile ya hapo juu.
4. Mdhamini atapata nini: nembo kwenye kofia, siku moja ya kucheza na wateja wake, mafunzo kwa wafanyakazi wake.
5. Taarifa ya kila mwezi utakayomtumia, hata mwezi mbaya.

Namba tano ndiyo inayowaweka wadhamini. Anayeambiwa ukweli baada ya kukosa mchujo husubiri. Anayekatiwa simu haongezi mkataba. Ukiletewa mkataba unaodai sehemu ya zawadi zako kwa miaka mingi, mpelekee wakili ausome kabla ya kusaini, hata kama fedha za mwanzo zinang'aa.

## Lini uache kushindana?

Weka kipimo kabla ya kuanza, ukiwa na akili tulivu, na umkabidhi mtu unayemheshimu nakala. Kwa mfano: "Baada ya misimu miwili, ikiwa wastani wangu haujashuka kwa mkwaju mmoja na sijaweza kulipa nusu ya gharama kwa zawadi, nitahamia ualimu." Bila kipimo hicho, kila msimu utaonekana umekaribia, na madeni yatakaribia zaidi.

Anayehamia ualimu hajafeli gofu. Ukanda huu una viwanja vingi, watoto wengi na walimu waliofundishwa vizuri wachache. Pro anayemfundisha mtoto kushika fimbo ipasavyo akiwa na miaka 8 anaweza kufanya zaidi kwa gofu ya Afrika Mashariki kuliko aliyemaliza wa 40 Afrika Kusini.

Basi kabla ya kujaza fomu, hakikisha una mambo matatu: wastani wa raundi 20 unaokubalika ugenini, gharama za mwaka mmoja mkononi, na kazi ya pili inayoweza kukulisha. Yakikamilika, ingia bila hofu. Moja likikosekana, bakia kwenye ridhaa na ulifanyie kazi. Mlango wa gofu ya kulipwa haufungwi kwa sababu umechelewa kwa mwaka mmoja.